Trei ya Mayai na Betri ya Pili

Makunduchi kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, huchomwa kibanda kimoja cha makuti. Mwaka ule nusura viungue viwili, na cha pili kilikuwa tela letu, lenye magurudumu, friji, na kitanda changu ndani.

Harufu ilianza baada ya adhuhuri. Mke wangu alikuwa anakanda unga wa pizza, hizi zetu za Forodhani za kuvunjiwa yai, na mimi nasaga pasheni. Akanyanyua uso. "Mayai yameoza." Nikanusa. Kweli, mayai viza, harufu ile inayokufikia puani kabla hujagusa ganda. Akavunja moja kwenye bakuli: zima. La pili: zima. La tatu, la nne, yote mazima, na harufu inazidi. "Limo moja tu huko katikati," akasema. Muuza chakula hawezi kukaa na trei inayonuka mbele ya wateja, basi trei nzima ikaenda jaani. Harufu ikabaki.

Hatukuinama kutazama chini ya kitanda. Huko ndiko zilikokuwa betri, mbili, moja kongwe na moja mpya, zimefungiwa ndani ya sanduku la mbao lisilo na tundu hata la sindano.

Jioni watu wakajaa. Shemeji yangu aliyekuja kutusaidia akaona jiko la gesi limeshikwa na kikaango, akaamua chai aichemshe kwa birika la umeme la wati 800 alilokuja nalo kutoka kwao. Inveta yetu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, imeandikwa wati 1000, kwa hiyo kwa hesabu ya kichwani birika linaingia na chenji inabaki. Baada ya dakika tatu hivi taa zikafifia, inveta ikaanza kulia kama kifaranga, na kutoka chini ya kitanda ukapanda moshi mwembamba mweusi. Nilipovuta godoro nikakuta waya mwekundu umelainika kama tambi zilizopitiliza jikoni. Plastiki yake imenata kwenye ubao, na ubao wenyewe umeshaanza kuungua. Shemeji alichomoa birika. Hilo ndilo lililotuokoa, maana baina ya betri na ule moto hapakuwa na swichi, wala fyuzi, wala chochote.

Tela lenyewe ni lile la safari, la kulala, ambalo hoteli moja ya pwani ya mashariki ililileta kwa ajili ya wageni kisha ikachoka nalo. Mimi nililinunua nikiwa na ndoto mbili: kuuza juisi na pizza penye watu, na kupeleka familia Kizimkazi au Nungwi bila kulipa chumba. Ndoto zote mbili zinahitaji umeme, na tela lilikuja na betri moja ya ampia saa 100 (ndicho kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), ya umri wa miaka minne, ambayo ikifika saa nne usiku imeshachoka.

Kwa mtu wa rika langu aliyekulia Unguja, betri si kitu kigeni. Umeme wa kisiwa kizima ulipozimika Desemba 2009 na usirudi mpaka Machi 2010, nyumba nyingi zilijifunza kwa lazima. Sisi kwetu tulikuwa tunachomoa betri ya gari ya baba jioni, tunatazamia televisheni ndogo ya volti 12, na asubuhi baba anatukana kwa sababu gari halikubali kuwaka. Nilitoka kwenye miezi ile nikijiona fundi. Najua mwekundu na mweusi, najua kuwa ukigusisha waya mbili cheche inaruka. Elimu yangu ya betri iliishia hapo, na nadhani kuwaza kwamba najua ndiko kulikonigharimu.

Fundi wa kwanza niliyemwita, simtaji, alikuja na betri mpya ya gari, N70, akaiweka ubavuni mwa ile kongwe, akaunga mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, akapokea pesa yake. Kazi ya nusu saa. Nilifurahi sana. Usiku wa kwanza taa zilifika mpaka alfajiri.

Baada ya Makunduchi nilikokotwa na mke wangu, nasema nilikokotwa, mpaka kwa mzee mmoja wa Malindi anayefunga umeme wa maboti. Tunamwita Ami tu, kama vijana wote wa pale. Sababu ya mke wangu ilikuwa nyepesi: boti linatikisika, linaliwa na chumvi, lina gesi ya kupikia ndani, na likishika moto huna pa kukimbilia. Tela lina hayo yote isipokuwa hilo la mwisho. Mtu anayeweza kulaza betri ndani ya boti anaweza kuilaza ndani ya tela.

Ami alitazama sanduku, akatazama waya ulioyeyuka, akauliza:

"Hizi mbili nani aliziozesha?"

"Fundi, Ami."

"Ajuza kumuozesha mtoto. Ushaona wapi?"

Kisha akanieleza, taratibu, na mimi nikaanza kuelewa ile harufu. Betri ya tindikali ya volti 12 ni vyumba sita vilivyopangwa, kila kimoja kinatoa volti mbili na kidogo. Ile kongwe ilikuwa na chumba kimoja kilichokufa kwa shoti ya ndani. Kwa hiyo yenyewe ni betri ya volti kumi na nusu inayojifanya ya 12. Ukiiunga na nzima sambamba, yaani mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, ile nzima inajimimina ndani ya gonjwa usiku kucha, kama maji yanavyotoka tangi la juu kwenda la chini. Mchana paneli ya sola inaleta chaji, kontrola, kile kidude kinachosimamia chaji, inangoja volti zipande ijue kwamba betri zimejaa, na volti hazipandi kwa sababu lile gonjwa linazivuta chini. Basi inaendelea kusukuma. Betri gonjwa inachemka, inavimba tumbo, inatoa hidrojeni, na ikizidishiwa hivyo hutoa pia gesi ya salfa inayonuka mayai viza. Gesi hiyo ni sumu. Sisi tulikuwa tunapika juu yake na tungelala juu yake.

Sheria aliyonipa Ami, na ambayo sasa namwambia kila anayeniuliza, ni kwamba betri zinazoungwa sambamba ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, na umri mmoja, zinunuliwe siku moja kama inawezekana. Ukitaka kuongeza betri juu ya iliyotumika miaka mingi, uza ile kongwe kwa wanunuzi wa risasi chakavu uanze na mbili mpya. Inauma, najua. Nilijaribu kubishana. "Na ile N70 je, si mpya?" Ni mpya, lakini ni betri ya gari. Ndani ina bati nyembamba nyingi, zimeumbwa kutoa teke moja kubwa la kuwasha injini kisha kurudishiwa mara moja. Betri ya sola ina bati nene za kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiitumia ya gari kuendesha friji usiku kucha, na kila usiku, haimalizi mwaka.

Kabla hajagusa waya wowote akaniangalia mkono.

"Pete hiyo ya ndoa?"

"Ndiyo, Ami."

"Ivue. Mkeo yupo hapa, hatokuuliza."

Nikavua. Akanionesha alama kwenye kidole chake cha shahada, kovu la duara kama limechorwa kwa bikari. Pete yake ilikaa baina ya kichwa cha betri na bodi ya boti, miaka mingi iliyopita. Betri ya ampia saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampia elfu moja, na dhahabu inapata moto haraka kuliko unavyoweza kuivua. Spana yake yote, isipokuwa mdomo, imezungushiwa utepe mweusi. Na anapofungua betri huanza na mweusi, anapofunga humaliza na mweusi. Sababu ni hii: ukianza na mwekundu huku mweusi bado umeshikana na bodi, spana ikiteleza ikagusa chuma cha tela, umeshafunga mzunguko kwa mkono wako.

Halafu akauliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuuliza: "Kwa siku unakula ngapi?"

Sikujua. Tukakaa kwenye jiwe la nje na daftari la skuli la mwanangu. Friji ya volti 12 inakula wati 45 ikiwa inanguruma, na inanguruma kama nusu ya siku. Gawa kwa 12, zidisha kwa saa, ni ampia saa 45. Taa nne za wati tano kwa saa sita, ampia saa 10. Simu za wateja, maana watu wanakuja kunywa juisi ya ukwaju na kuomba chaji, kama simu kumi kwa usiku, ampia saa 13 hivi. Blenda ya wati 400, ukijumlisha dakika zake zote labda nusu saa, na inveta nayo inachukua ushuru wake, tuseme 20. Jumla 88.

Sasa, betri ya tindikali ya ampia saa 100 haikupi 100. Ukitaka ikae na wewe miaka, usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo nilikuwa na 50 na ninakula 88, na nilikuwa nashangaa kwa nini taa zinazimika saa nne. Betri mbili za 100 zinanipa 100 za kutumia kwa amani. Hesabu ya betri ikakaa sawa. Nikafunga daftari.

"Fungua tena," akasema Ami. "Na jua?"

Paneli yangu ilikuwa ya wati 150, imelala bapa juu ya paa. Ukichukua saa tano za jua kali kwa siku, hiyo ni wati saa 750. Toa joto, vumbi, na hasara ya njiani, ukipata 550 shukuru. Hizo ni kama ampia saa 46. Ninakula 88, naingiza 46. "Hapo ungefunga betri kumi," akasema, "zingekufa kumi." Betri ya tindikali ikikaa siku nyingi bila kujaa hufanya ganda jeupe la salfeti juu ya bati zake, na ganda likishakuwa gumu halitoki. Mtu anaona betri mbili zimekufa mapema, anasema ni feki. Huenda ni feki kweli, soko letu nalijua. Lakini mara nyingi zimekufa kwa njaa. Nikaongeza paneli ya wati 200, na siku za masika mawingu yanapokaa toka asubuhi hadi jioni, chaji za simu naondoa kibao chake na blenda inapumzika.

Sehemu ya waya ndiyo niliyoipenda zaidi, labda kwa sababu ndiyo iliyotaka kuniua. Watu tumezoea umeme wa nyumbani wa volti 230, ambako birika la wati 800 linavuta ampia tatu na nusu na waya mwembamba unatosha. Kwenye volti 12 birika hilo hilo linavuta 67, na ukiongeza hasara za inveta linafika 75. Wati ni zile zile, lakini volti zikipungua ampia zinapanda, na waya unaungua kwa ampia. Fundi wangu wa kwanza alitumia waya wa milimita 4 za mraba, wa kufungia soketi za nyumba, urefu wa mita tatu. Ami aliushika ule uliobaki kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

Yeye alitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 35, wa maboti, ambao nyuzi zake zimepakwa bati ili chumvi isizile. Akaisogeza inveta karibu na betri, chini ya mita moja. Miisho ya waya aliibana kwa lagi za shaba, vile vibati vyenye tundu, kwa mashine ya kukandamiza. Mimi nilikuwa na nyundo tayari. Akaichukua akaiweka mbali. Lagi iliyogongwa kwa nyundo inaonekana imekamata, kumbe inashika nyuzi za juu tu, na pale palipolegea ndipo panapopata moto. Fyuzi ya ampia 125 akaiweka kwenye waya mwekundu, karibu na kichwa cha betri, isizidi shibri moja. Nikamuuliza kwa nini isikae karibu na inveta ambako naweza kuifikia. Kwa sababu fyuzi inalinda waya ulio mbele yake. Kipande chote kilicho baina ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kikichubuka kikagusa chuma hakuna wa kukikata. Baada ya fyuzi ikaja swichi kuu nyekundu, kubwa, ambayo hata shemeji anaweza kuizungusha gizani.

Kuna jambo moja dogo katika kuunga sambamba ambalo sikulitegemea. Mwekundu unaokwenda kwenye inveta unatoka betri ya kwanza, na mweusi unatoka betri ya pili, kwa mshazari. Ukitoa zote mbili betri moja, ile ya karibu inafanya kazi zaidi na kuchajiwa zaidi, ya mbali inakaa kivulini, na baada ya miezi una betri moja iliyochoka na moja mvivu. Ukitoa kwa mshazari njia inakuwa sawa kwa zote mbili. Na kabla hajaziunga alizichaji kila moja peke yake usiku mzima, asubuhi akapima zote mbili, volti 12.7 na 12.7, ndipo akaziunganisha. Na ziungwe sambamba, zisiungwe mfululizo. Ukiunga mfululizo, mwekundu wa hii kwa mweusi wa ile, unapata volti 24, na kila kitu cha volti 12 ndani ya tela kitakuaga siku hiyo.

Sanduku la mbao alilitupa mwenyewe. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyomo inaweza kulipuka, na cheche ya kuunga waya inatosha. Gesi hii ni nyepesi, hupanda juu, kwa hiyo sanduku jipya ni la plastiki lenye mfuniko na bomba la juu linalotokea nje ya tela. Gesi ya mtungi wa kupikia ni kinyume chake, nzito, inashuka na kukaa sakafuni kama maji. Tela letu lina zote mbili. Mtungi upo kwenye kabati lake la nje lenye matundu chini, betri zina sanduku lao lenye pumzi juu, na havikai chumba kimoja. Inveta nayo, kwa kuwa inatoa cheche, haikai ndani ya sanduku la betri, ingawa inaingia vizuri sana na mkono unawasha kuiweka pale.

Betri moja ya sola ya ampia saa 100 ni karibu kilo 30. Mbili ni mtu mzima mmoja. Fundi wa kwanza aliziweka nyuma kabisa, chini ya kitanda, na mimi nikawa nashangaa kwa nini njia ya Tunguu nikifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa tela linatikisa mkia kama mbwa aliyemuona bwana wake. Kwenye matuta ya Jozani, yale ya kuwahurumia kima punju, nyuma inagonga kabla mbele haijashuka. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, na angenicheka: kila mtoto wa pwani anajua farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, haiwekwi tezini, huko nyuma. Uzito unaoegemea mkono wa tela, pale linaposhikana na gari, unatakiwa uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela zima. Tela letu likijaa ni kilo 900 hivi. Tuliweka mizani ya bafuni chini ya mkono ule, juu ya kipande cha ubao, ikasoma 38. Tulipohamishia betri mbele ya ekseli, chini kabisa, zikafungwa mikanda miwili ili hata tela likipinduka zisiruke, mizani ikasoma 96. Mkia ukatulia.

Kazi inayobaki ni yangu, na ni ndogo. Asubuhi kabla jua halijapiga paneli, friji ikiwa imezimwa kwa muda, napima: 12.7 zimejaa, 12.2 zimefika nusu, chini ya hapo nimekula nisichokuwa nacho. Kila mwezi nafungua vifuniko naangalia maji, yawe juu ya bati. Naongeza maji ya betri, yaani maji yaliyokenekwa, ya mvuke uliopozwa, baada ya kuchaji. Maji ya kisima hapana, na dukani soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi na maji ya betri hukaa rafu moja kwenye chupa zinazofanana, na asidi haiongezwi. Hewa yetu ya bahari huotesha unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa. Naufuta kwa maji ya magadi, yale yale ya kuivishia maharage, vifuniko vikiwa vimekazwa yasiingie ndani, nakausha, nabana, kisha napaka Vaseline. Na kwa vile joto likizidi kwa nyuzi 10 umri wa betri hukatika karibu nusu, wakati wa kaskazi naegesha ubavu wa betri kivulini, hata kama upande ule hauna mandhari. Wateja wa juisi hawajali.

Mpwa wangu ananiambia nimepitwa, ninunue lithiamu. Ana hoja. Betri ya lithiamu ya 100 ni nyepesi kwa zaidi ya nusu, unaweza kuila karibu yote, na ina kibongo ndani kinachoizima ikizidiwa. Nilipoulizia bei nikaona bora ninunue Vespa. Siku nikipata pesa nitanunua, lakini nitabadilisha na mipangilio ya kontrola, na ile chaji inayotoka kwenye gari linalovuta itabidi ipite kwenye kifaa chake, maana lithiamu inakunywa haraka mpaka alteneta ya gari inaweza kupata moto. Na sitaichanganya na za tindikali. Kwa kuchanganya nimeshatoa ada.

Julai iliyofuata tulirudi Makunduchi, pale pale, chini ya mwembe ule ule. Shemeji alikuja, birika hakuja nalo. Baada ya adhuhuri mke wangu akasimamisha mkono juu ya unga. "Unasikia?" Nilisikia. Nilizungusha swichi kuu, nikatoa wateja nje, nikainama, nikafungua kabati la mbele. Betri baridi, tumbo bapa, mita inasoma 13.6 kwa chaji ya jua, bomba liko wazi. Nikaweka pua juu ya mfuniko: plastiki tu, na vumbi.

Nikarudi jikoni tukaanza kuvunja mayai kwenye bakuli, moja moja. La kumi na moja lilikuwa viza.